Kuhamisha Masanduku ya Barua Pepe Bila Kupoteza Barua

Katika Afrika ya Mashariki barua kwa kawaida haipelekwi mlangoni mwa mtu. Hukaa posta, ndani ya sanduku lenye namba, na mwenye sanduku ndiye afungaye safari na ufunguo wake kwenda kuichukua. Kwa hiyo mwanafunzi aliyezoea kuandika S.L.P. juu ya bahasha anayo tayari picha ya barua pepe iliyo sahihi kuliko ile aliyo nayo mwenzake wa Ulaya, ambaye tangu utotoni amezoea kumwona tarishi akifika mlangoni. Barua pepe nayo haimfuati mtu. Hukaa katika sanduku lililomo ndani ya kompyuta nyingine, iitwayo seva, ambayo huwaka mchana na usiku, na mwenye sanduku huifuata huko kwa kutumia neno lake la siri.

Sasa ichukuliwe kwamba posta nzima inahama. Paa linavuja, kuta zina nyufa, na masanduku yote pamoja na barua zilizomo hayana budi kupelekwa katika jengo jingine upande wa pili wa mji. Lakini magari ya barua hayasimami hata saa moja, na waandikaji waliotawanyika duniani kote hawana habari yoyote ya kuhama huko. Hilo ndilo tatizo linalomkabili msimamizi wa barua pepe wa shule, hospitali au wizara pindi seva ya zamani inapochakaa, au diski zake zinapojaa, au mkataba wa mwenye mtambo unapokwisha.

Mfano utakaotumika katika somo hili ni wa chuo cha ualimu cha kubuni, chenye watumishi 120, ambao anwani zao huishia kwa chuo.example. Jina hilo la example lilitengwa rasmi mwaka 1999 kwa ajili ya vitabu na mafunzo tu, ili anwani ya mfano isije ikamwangukia mtu halisi. Chuo hiki kimepanga kuhama Ijumaa jioni na kuanza kazi na seva mpya Jumatatu asubuhi. Kikikosea, barua yenye siku ya mwisho ya kusajili watahiniwa inaweza kuingia katika sanduku ambalo hakuna mtu atakayelifungua tena.

Barua ipitavyo mikononi

Barua ya kwanza ya kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao ilipelekwa mwaka 1971 na Ray Tomlinson, mhandisi wa Kimarekani, baina ya mashine mbili zilizosimama katika chumba kimoja mjini Cambridge, Massachusetts, ambazo ziliunganishwa na mtandao wa ARPANET peke yake. Ndiye aliyechagua alama ya @ kutenga jina la mtu na jina la mashine. Mwaka 1982 Jonathan Postel aliandika kanuni za mazungumzo baina ya seva za barua, ziitwazo SMTP, na kanuni hizo, zikiwa zimerekebishwa mara kadhaa, ndizo zitumikazo mpaka leo.

Mazungumzo yenyewe ni ya adabu kama ya wageni barazani. Seva inayopeleka hubisha hodi na kujitambulisha, hutaja mtumaji, hutaja mpokeaji, kisha hutoa barua yenyewe. Kila hatua hujibiwa kwa namba ya tarakimu tatu, na tarakimu ya kwanza ndiyo yenye hukumu. Namba ianzayo kwa 2 maana yake ni kwamba jambo limekubaliwa. Ianzayo kwa 4 maana yake ni kwamba sasa haiwezekani, rudi baadaye. Ianzayo kwa 5 maana yake ni kwamba haiwezekani kabisa, usirudi.

Jibu muhimu kuliko yote ni 250 linalotolewa baada ya barua kupokewa yote. Mara tu seva inayopokea inapotamka namba hiyo, dhamana ya barua imehamia kwake. Seva iliyopeleka ina ruhusa ya kufuta nakala yake, na aghalabu huifuta papo hapo. Kabla ya 250 barua haiwezi kupotea, kwa kuwa mpelekaji bado anayo. Baada ya 250, ikipotea, mpelekaji hatajua. Karibu kila msiba wa kuhamisha barua pepe hutokana na seva iliyotamka 250 wakati haikustahili kutamka.

Kinyume chake, seva iliyozimwa haipotezi barua zinazotoka nje. Kanuni za SMTP zilizotolewa mwaka 2008 zinaelekeza kwamba mpelekaji asiyepata jibu, au aliyepata jibu la 4, aendelee kujaribu kwa muda usiopungua siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Chuo kikizima seva yake Ijumaa jioni na kuwasha nyingine Jumapili asubuhi, barua za mwisho wa juma zitakuwa zinangoja kwenye foleni za wapelekaji, kama abiria wangojao kivuko. Wasimamizi wengi chipukizi huogopa kuzima seva hata kwa saa moja, kumbe la kuogopwa zaidi ni seva inayopokea barua mahali pasipostahili.

Anwani na umri wa jibu

Je, seva ya mbali hujuaje pa kupeleka barua ya chuo.example? Huuliza. Mfumo wa majina ya vikoa, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ni mfano wa daftari kubwa la dunia lililogawanywa katika vipande, kila kikoa kikitunza ukurasa wake. Ndani ya ukurasa huo imo rekodi iitwayo MX, isemayo barua za kikoa hiki zipelekwe kwa seva fulani. Kuhama, kwa upande wa dunia, ni kubadili mstari huo mmoja.

Lakini anayeuliza hulihifadhi jibu alilopewa ili asiulize tena kila dakika, na kila jibu hutoka na umri wake, unaohesabiwa kwa sekunde. Umri ukiwa 86,400, maana yake ni siku nzima, kwani 24 × 60 × 60 ni 86,400. Seva iliyouliza saa 11 na dakika 59 jioni ya Ijumaa, dakika moja kabla ya mstari kubadilishwa, itaendelea kuamini anwani ya zamani mpaka saa 11 na dakika 59 jioni ya Jumamosi. Muda wote huo barua zitaendelea kwenda kwenye jengo bovu.

Dawa yake ni kupunguza umri huo, mathalani mpaka sekunde 300, yaani dakika 5. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Hupunguza umri na kubadili anwani kwa pamoja, saa ile ile, wakidhani wamefanya mambo mawili. Wamefanya moja tu, kwani wale waliokwisha kupewa jibu lenye umri wa siku nzima hawana sababu ya kurudi kuuliza na kuambiwa kwamba umri umepunguzwa. Habari ya kupunguza umri nayo husafiri kwa mwendo wa umri wa zamani. Hivyo basi chuo kinachohama Ijumaa saa 12 jioni hakina budi kupunguza umri kabla ya Alhamisi saa 12 jioni. Na msimamizi mwenye busara atafanya hivyo Jumatano, kwa sababu si kila mtunza majibu duniani ni mwaminifu. Baada ya kuhama na kutulia, umri hurudishwa ulivyokuwa.

Hesabu ya njia

Sehemu ya pili ya kazi ni kubeba barua za zamani. Ichukuliwe kwamba kila mtumishi ana gigabaiti 2 za barua, wastani wa barua 5,000. Masanduku 120 yatakuwa na gigabaiti 240 na barua 600,000. Sehemu kubwa ya uzito huo ni viambatisho, tena vilivyovimba: kwa kuwa barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi matupu, picha hugeuzwa kwanza kuwa herufi, kila baiti 3 zikiwa herufi 4, na picha ya megabaiti 3 husafiri ikiwa na megabaiti 4 na ushei.

Njia ya intaneti ya chuo ina uwezo wa megabiti 10 kwa sekunde. Gigabaiti 240 ni sawa na megabiti 1,920,000, nazo zikigawanywa kwa 10 ni sekunde 192,000, yaani saa 53 na dakika 20. Kutoka Ijumaa saa 12 jioni mpaka Jumatatu saa 2 asubuhi ni saa 62. Msimamizi asiye na uzoefu atafurahi na kufunga daftari. Lakini hakuna njia inayotoa uwezo wake wote. Ikitoa megabiti 7 kwa sekunde, kazi itachukua saa 76, na Jumatatu asubuhi watumishi watakuta masanduku yaliyojaa nusu.

Kwa hiyo barua hazibebwi siku ya kuhama. Hubebwa kabla, usiku, wakati ofisi zimefungwa. Usiku wa saa 12 kwa megabiti 7 hubeba gigabaiti 37.8, na gigabaiti 240 zitakwisha kwa siku 7. Usiku unaofuata programu ya kunakili hulinganisha pande mbili na kubeba zile zilizoongezeka tu. Kila mtumishi akipokea megabaiti 20 kwa siku, nyongeza ya siku moja ni gigabaiti 2.4, na kazi ya mwisho ya Ijumaa jioni itakuwa ya dakika 46 tu.

Bado kuna jambo ambalo mwalimu wa fizikia atalipenda. Programu ya kunakili huuliza na kungoja jibu, na swali halisafiri kwa kasi kuliko mwanga. Satelaiti inayoonekana kusimama angani iko kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta. Ishara ikipanda na kushuka husafiri kilomita 72,000, ambazo kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde ni sekunde 0.24; swali na jibu lake ni sekunde 0.48. Ikiwa kila barua inahitaji swali moja, barua 600,000 zitakula sekunde 288,000 za kungoja tu, yaani saa 80, hata kama njia ni pana kama bahari. Kabla ya waya wa SEACOM kufika pwani ya Afrika ya Mashariki Julai 2009, mawasiliano mengi ya intaneti ya eneo hili na ng'ambo yalipitia satelaiti, na adha hiyo ilijulikana vizuri. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga huenda kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde, hivyo waya wa kilomita 10,000 hudai sekunde 0.1 tu kwa kwenda na kurudi. Mahali pasipofikiwa na waya dawa ni kunakili masanduku kadhaa kwa wakati mmoja: masanduku 8 yakinakiliwa pamoja, zile saa 80 za kungoja hushuka kuwa 10.

Yaliyoandikwa juu ya barua

Barua si maneno yake tu. Seva hutunza pia kama barua imesomwa, kama imejibiwa, na saa iliyoingia sandukuni. Itifaki ya IMAP, iliyoasisiwa na Mark Crispin huko Stanford katikati ya miaka ya 1980, hubeba habari hizo zote, ila programu ya kunakili lazima izitaje. Isipotaja saa ya kuingia, seva mpya huandika saa ya kunakiliwa, na barua za miaka kumi huonekana zote zimefika usiku wa Jumanne moja. Isipotaja alama za kusomwa, mkuu wa chuo atafungua sanduku na kukuta barua 5,000 mpya.

Namna seva zinavyohifadhi barua nazo hutofautiana. Mtindo wa kale wa Unix huweka barua zote za sanduku katika faili moja, na barua mpya hutambulikana kwa mstari unaoanza na neno From na nafasi. Ndiyo maana mtu anayeandika kwa Kiingereza sentensi inayoanza na neno hilo aliweza kuona alama ya > imepachikwa mbele yake. Seva iliogopa isije ikadhani barua nyingine imeanza. Mtindo wa Maildir, uliobuniwa na Daniel J. Bernstein katika miaka ya 1990, huipa kila barua faili lake, na alama huandikwa katika jina la faili: S ni iliyosomwa, R ni iliyojibiwa. Kwa sababu ya tofauti hizo, na hasa kwa kuwa mwisho wa mstari huandikwa kwa baiti moja mahali pamoja na kwa baiti mbili mahali pengine, uzito wa sanduku la zamani na wa jipya hautalingana kamwe. Kinachohesabiwa wakati wa kuhakiki ni idadi ya barua, folda kwa folda.

Wako pia watumishi ambao barua zao hazimo kabisa ndani ya seva. Hao hutumia itifaki ya POP, ambayo kwa mazoea yake ya asili huchukua barua na kufuta nakala ya sandukuni. Sanduku la mhasibu linaweza kuonekana tupu, nalo likahamishwa kwa sekunde moja, kumbe barua zake zote za miaka minane zimo katika kompyuta iliyo chini ya meza yake. Watu wa namna hiyo hutafutwa mapema, ofisi kwa ofisi, kwa miguu.

Programu za barua zinazotumia IMAP huweka nakala katika kompyuta ya mtumishi, na kila folda hutambulikana kwa namba maalumu ya seva. Seva mpya ikitoa namba tofauti, programu hutupa nakala yake na kuanza kuchukua upya. Ikiwa seva mpya iko nje ya chuo, Jumatatu saa 2 watumishi 120 watavuta gigabaiti 240 zile zile kwa njia ile ile ya megabiti 10, na hesabu ya saa 53 iliyokwepwa kwa jitihada nyingi itarudi mlangoni. Wengi hulijua jambo hili asubuhi hiyo hiyo.

Kuhusu maneno ya siri inatosha kusema machache. Seva nzuri haijui neno la siri la mtu. Imehifadhi alama tu iliyotokana na neno hilo kwa hesabu isiyorudi nyuma. Seva mpya ikiwa haifahamu hesabu hiyo, kila mtu atapewa neno jipya. Msimamizi apitaye na karatasi kuorodhesha maneno ya siri ya wenzake anatafuta balaa.

Seva ya zamani isiyojua kwamba imestaafu

Baada ya rekodi ya MX kubadilishwa, seva ya zamani bado imeandikwa ndani yake kwamba chuo.example ni mali yake. Seva yenye imani hiyo haiulizi daftari la dunia. Mashine ya kunakilia karatasi iliyoelekezwa kwake miaka iliyopita itaendelea kuipa picha za hati, nayo itajibu 250 na kuziweka katika masanduku yaliyoachwa. Ikiwa seva ya zamani ilikuwa ya kampuni inayohudumia taasisi nyingi, hatari ni kubwa zaidi: taasisi nyingine zote zilizobaki kwa kampuni hiyo zikikiandikia chuo, barua zao hazitatoka nje ya jengo. Hazirudi, hazikataliwi, hazionekani. Waandikaji wa nchi za mbali wanajibiwa vizuri, huku jirani akilalamika kwamba chuo kimemdharau.

Kwa hiyo Ijumaa saa 12 jioni hatua ya kwanza, kabla hata ya kugusa MX, ni kuiamuru seva ya zamani iache kupokea barua za kikoa hicho kama zake, na badala yake ipeleke kila inachopokea kwa seva mpya. Pili hubadilishwa MX. Tatu hufanywa nakala ya mwisho ya dakika 46. Rekodi ya SPF, inayoeleza ni seva zipi zenye ruhusa ya kupeleka barua kwa jina la kikoa, nayo hubadilishwa kabla ya barua ya kwanza kutoka, la sivyo wapokeaji wataziona barua za chuo kama za mwizi wa jina.

Zipo pia anwani zisizo na mwenyewe, kama mitihani@chuo.example au maktaba@chuo.example, ambazo kwa kweli ni maelekezo tu ya kupeleka barua kwa watu fulani. Hazimo katika orodha ya watumishi, na ni rahisi mno kuzisahau. Seva mpya isiyozijua itajibu 550, na barua itarudishwa kwa mwandikaji kana kwamba ofisi imefungwa. Programu kama Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa mwaka 1998, huruhusu jibu hilo libadilishwe kwa muda kuwa 450. Barua hungoja nje, msimamizi huyasoma madaftari ya seva Jumamosi asubuhi, huona majina yaliyosahauliwa, huyaongeza, na barua huingia katika jaribio linalofuata bila mwandikaji kujua lolote.

Seva ya zamani haifutwi Jumatatu. Huachwa ikiwaka kwa majuma kadhaa, na kila siku hutazamwa kama bado kuna barua inayoipitia na imetoka wapi. Inayotoka ndani ya chuo huonyesha mashine iliyosahauliwa. Inayotoka nje huonyesha mtu aliyeandika namba ya seva kwa mkono badala ya kuuliza jina.

Zoezi kwa darasa lenye kompyuta moja tu: kwa amri ya dig, iliyomo katika kompyuta nyingi za Linux, iulizwe rekodi ya MX ya kikoa chochote kinachojulikana na wanafunzi, na namba iliyo mbele ya herufi IN iandikwe ubaoni. Baada ya nusu dakika swali lirudiwe, na tena baada ya nusu dakika nyingine. Seva ya majina iliyo karibu ikiwa imehifadhi jibu, namba itakuwa imepungua kwa takriban 30 kila mara, mpaka ifike mwisho wake na kuanza tena juu.